Ndaga Si Ndiyo

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa nimekaa juu ya belo la makoti, simu mkononi, nikisoma sentensi moja kama mtu aliyesahau kusoma: "Duka lako limefungwa."

Kwa waliokosa gazeti, nawapa kwa kifupi, maana sina moyo wa kulirudia lote. Mimi ni Isakwisa. Nilikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha chai mpaka walipopunguza watu, na mimi nikapunguzwa. Nikaingia kwenye makoti ya mtumba hapa Tukuyu, mji ambao mvua haijui likizo. Nikawa nauza kwa mnada wa kwenye simu, kupitia soko linaloitwa Gongesha. Unapiga picha koti, unaliweka, watu wanataja dau, aliye juu anachukua. Hata mwenye simu ndogo ya kitochi anaweza kutuma dau lake kwa ujumbe wa maneno.

Kisha mke wangu Lusungu akarudi kwao Kisondela. Hatukupigana wala hatukutukanana. Alichoka kukaa na mwanamume asiye na kazi anayeikodolea macho simu tangu asubuhi. Nilipomfuata, baba yake, Mzee Rubeni, alinikuta getini akaniambia kwa upole kabisa, "Siku nikiiona kazi yako kwa macho yangu, nitamleta mwenyewe."

Kwa hiyo msinicheke mkiona nalilia duka la makoti. Lile duka ndilo lilikuwa linamrudisha mke wangu nyumbani. Na sasa lilikuwa limefungwa.

Jumatano asubuhi nikapiga simu huduma kwa wateja, Dar es Salaam. Wakanichezea muziki mpaka sikio likawa la moto. Mwishowe akapokea dada mmoja.

"Gongesha, unaongea na Doreen, nikusaidie nini?"

"Dada Doreen, mmenifungia duka."

"Pole sana kaka. Jina la duka?"

"Isakwisa Makoti."

"Isa nani?"

"Isakwisa. Maana yake atakuja."

"Atakuja nani, kaka?"

"Dada, tuendelee."

Nikasikia anabonyeza bonyeza. Kisha akashusha pumzi, ile ya daktari kabla hajakuambia ugonjwa.

"Kaka, umevunja utaratibu wa orodha ya wateja. Umewatumia matangazo watu waliokataa."

"Nani amekataa?"

"Karibu wote."

Hapa lazima niwaeleze. Mwezi uliopita Gongesha walileta sheria mpya. Muuzaji haruhusiwi kumtumia mteja tangazo lolote mpaka mteja mwenyewe aridhie. Aliyenunua koti lako amenunua koti, hajakununua wewe, ndivyo walivyoandika. Kwa hiyo kila muuzaji akaamriwa awaulize wateja wake, mara moja tu, wajibu NDIYO au HAPANA.

Nikauliza. Lakini mimi nimelelewa. Huwezi kumrukia mtu mzima na swali hujamsalimu. Nikaandika hivi: "Mugonile. Ni mimi Isakwisa wa makoti. Naomba niendelee kuwapa habari mzigo ukifika. Jibu NDIYO au HAPANA."

Mugonile ndiyo salamu yetu Wanyakyusa kwa watu wa heshima. Na mtu wa Rungwe akisalimiwa mugonile, anajibu nini? Ndaga.

Majibu yakaanza kumiminika. Ndaga. Ndaga. Ndaga fijo, yaani sana. Ndaga mwanangu. Mmoja akaandika: Ndaga, huko mvua imeacha? Sasa ndaga ndiyo tunayojibia salamu, na ndaga hiyo hiyo ndiyo asante. Mimi kwa furaha zangu nikasoma asante. Wamekubali, wanashukuru! Nikawapelekea picha za makoti asubuhi na jioni, na Jumapili baada ya ibada.

"Kaka," Doreen alisema, "hilo neno mfumo wetu haukulitambua. Ikabidi tumuulize mwenzetu aliyesoma Mbeya. Akasema ni asante."

"Enhee! Si ndiyo hiyo? Asante!"

"Sasa kaka, ukimkaribisha mtu chakula akakujibu asante, si amekataa?"

Nyuma yake nilisikia wenzake wakiongea na watu wengine, wote wana ile sauti ya upole ya kufundishwa.

"Dada, hiyo ni huko kwenu. Huku mtu akisema ndaga anavuta kigoda, anakula."

"Sawa kaka, lakini sisi tunafuata jibu. Na wewe hukupata ndiyo hata moja."

"Hata moja?"

"Hata moja. Pole."

Nilichemka. Nilimwambia maneno ambayo mhariri wa gazeti hili hawezi kuyaachia. Doreen akangoja nimalize, kama mtu anayengoja gari lipite ndipo avuke barabara.

"Umemaliza kaka? Basi nikuambie pa kutokea. Hilo la ndaga peke yake lingekupa onyo tu. Kilichofunga duka ni malalamiko. Kuna mteja amebonyeza kitufe cha 'Huyu ananisumbua'."

"Nani huyo?"

"Siruhusiwi kumtaja."

"Mwanamume au mwanamke?"

"Kaka."

"Haya. Nifanyeje?"

"Mteja huyo mwenyewe atupigie, afute malalamiko, aseme kwa mdomo wake kwamba ameridhia. Mwisho Ijumaa. Ikipita hapo duka linafutwa, na huwezi kufungua lingine kwa jina lako."

Akanitakia siku njema.

Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa hii: nimtafute mtu ambaye sitajiwi, nimwombe awapigie watu wa Dar awaambie kwamba simkeri. Nikiwa nimekaa pale juu ya belo nilijua tayari nimeshindwa. Lakini mtu aliyeshindwa naye hawezi kukaa tu, lazima aende mahali.

Nikamkumbuka Bibi Ikupa wa Igogwe. Yule bibi alinunua kwangu koti ambalo zipu yake ilikatika siku ya kwanza, na kila aliyepanga foleni hospitalini siku hiyo alipata habari. Nikasema ni yeye huyu, hakuna mwingine. Nikampigia Meshaki, rafiki yangu wa bodaboda.

"Yaani tunaenda kumbembeleza bibi akupende?" Meshaki aliniuliza njiani, akipiga kelele juu ya upepo.

"Endesha."

"Mimi mwenyewe umenitumia makoti ya kike karibu mwezi mzima. Nikamwambia mke wangu, huyu jamaa tangu Lusungu aondoke akili imehama."

"Na ule ujumbe wa NDIYO au HAPANA, ulijibu nini?"

"Nilijibu ndaga."

"Kwa nini, Meshaki? Kwa nini?"

"Sasa ningejibuje? Si ulinisalimia!"

Tulimkuta Bibi Ikupa amekaa mlangoni anamenya ndizi. Huwezi kufika kwa Bibi Ikupa ukaanza na shida yako. Akaniuliza habari za Tukuyu, habari za mvua, habari za migomba ya nyumbani kwetu Kinyala, na mwisho akauliza nilichokuwa nakiogopa.

"Na mkeo hajambo?"

"Hajambo, bibi."

Meshaki akatazama pembeni.

"Bibi, naomba uniambie ukweli. Ni wewe uliyenishtaki kwenye simu?"

"Mimi? Mwe! Mimi simu hii najua kupokea na kukata. Kushtaki nakutoa wapi?"

Nilimwamini, maana sura yake ilikuwa ya mtu asiyedanganya. Nikajaribu kuokota kilichobaki.

"Lakini ule ujumbe wangu ulijibu ndaga. Ulikuwa unakubali, sivyo?"

"Ujumbe upi?"

Nikamsomea. Akasikiliza, kisu kimesimama hewani.

"Aa, ule! Alinisomea jirani. Alipofika kwenye mugonile nikamwambia, mjibu ndaga. Akajibu. Huko mbele hatukufika."

Meshaki aliangua kicheko, akakimbilia kwenye pikipiki yake akijifanya anaikagua tairi. Mimi sikucheka.

"Basi bibi, sasa nimekuja mwenyewe na miguu yangu. Niendelee kukutumia habari za makoti? Sema ndiyo, nikurekodi, niwapelekee wale wa Dar."

Bibi Ikupa akamaliza ndizi aliyokuwa nayo, akaitia kwenye sufuria ya maji.

"Hapana, mwanangu."

"Hapana?"

"Umekuja fisuri," alisema, maana vizuri ya wazee wetu ndiyo hiyo, "umeuliza fisuri, na mimi nakujibu fisuri. Hapana. Koti ninalo. Hii simu yangu ndogo, ikijaa imejaa. Mwanangu wa Tunduma alinitumia ujumbe kwamba amelazwa, haukuingia, simu imejaa makoti yako. Nilikuja kusikia kanisani, kwa watu."

Nilimwambia samahani, akasema yameisha, na akatufungia ndizi mbivu za njiani. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Angenitukana ningepata pa kuweka hasira yangu.

Jamani, nilikuwa najidanganya kwamba watu wananipenda na Dar ndiyo haielewi lugha. Kumbe Doreen, asiyeweza hata kutamka jina langu, alikuwa amewaelewa wateja wangu kuliko mimi. Waliniitikia salamu. Hakuna aliyenikubali.

Tulikuwa hatujawasha pikipiki simu yangu ilipolia. Ujumbe. Ulikuwa wa Lusungu, ambaye tangu aondoke hakuwahi kuniandikia hata herufi moja.

"Mke wa Meshaki kaniambia duka limefungwa. Ni mimi niliyebonyeza. Sikujua linafunga. Njoo."

Nilisoma nikampa Meshaki naye asome.

"Shemeji?" alisema. "Shemeji ndiye aliyekushtaki?"

"Ndiye."

"Sasa kwenye orodha ya wateja alifuata nini?"

Hilo hata mimi sikulijua. Kwenye orodha ile haingii mtu mpaka awe ameweka dau, na Lusungu hakuwahi kugusa makoti yangu isipokuwa kuyakunja. Lakini sikutaka kufikiri. Mke wangu alikuwa ameandika neno njoo. Nilikaa nyuma ya Meshaki nikamwambia aende Kisondela, na kwa mara ya kwanza tangu duka lifungwe nilihisi njaa, nikala ndizi za Bibi Ikupa zote bila kumpa hata moja.

Mvua ilitukamata kabla hatujafika, tukaingia kwa Mzee Rubeni tumelowa chapachapa. Meshaki akabaki kwenye kibanda cha kuni. Mzee alikuwa barazani, kikombe cha chai mkononi, anatazama maparachichi yake yakipigwa na maji. Nilichuchumaa mbali kidogo, kama inavyompasa mkwe.

"Mugonile, tata," nilisema, kama kumwambia baba.

"Ndaga. Kaa, usilowe tena."

Nikakaa kwenye benchi, mwisho kabisa.

"Na ile kasi yako ya kwenye simu?"

Mzee Rubeni herufi z hana. Akisema kazi unasikia kasi, na siku hiyo nilitamani ningekuwa nayo yoyote kati ya hizo mbili.

"Inakwenda, tata."

Nilimdanganya mzee wa watu kwenye baraza lake, chai yake ikiwa njiani kunifikia. Nihesabieni na kosa hilo.

Lusungu alitoka na kikombe, akakiweka mbele yangu, akakaa kwenye kigoda karibu na mimi. Hakunitazama usoni. Alizungumza kwa sauti ya chini ili mvua imfiche.

"Tangu nije huku umenipigia lini?"

"Nilikuwa nahangaika na duka, Lusungu. Ili niku..."

"Hujanipigia. Lakini kila asubuhi simu inalia, naacha moto, nakimbia, nasema leo amenikumbuka. Nafungua. 'Mteja wetu mpendwa, koti zito la kola ya manyoya, dau linaanza sasa.' Mteja wetu mpendwa! Mimi, Isakwisa!"

"Yanakwenda yenyewe kwa wote. Sikujua na wewe umo."

"Jumapili ile yalikuja matatu. Nikaona kitufe, nikabonyeza. Nilitaka makoti yakome, basi. Sikujua kuna kitufe cha kumfunga mtu."

"Lakini uliingiaje kwenye orodha?"

Alitazama upande wa baba yake, kisha akainama kuelekea kwangu.

"Baridi Kali," alisema.

Kila mwenye duka la mnada ana mteja mmoja anayemfungulia siku. Koti likikaa bila dau hata moja, watu wanalikwepa, wanadhani lina kasoro. Akitokea mmoja wa kuanza, wengine wanaamka. Wangu alijiita Baridi Kali. Koti likidoda tu, Baridi Kali anaweka dau la kwanza, na dakika si nyingi wanakuja wa kumpita. Hakuwahi kushinda koti hata moja, na mimi nilimwonea huruma. Nilikuwa namwombea kanisani, mtu nisiyemjua.

"Baridi Kali ni wewe?"

"Laini yangu ya zamani. Nilianza tukiwa bado nyumbani. Wewe sebuleni unalalamika hakuna dau, mimi jikoni naweka."

"Na hata ulipokuja huku?"

"Hata nilipokuja huku. Mpaka Jumapili ile."

Nilitaka kulia pale pale mbele ya mkwe wangu. Sijawahi kupendwa namna hiyo na sijui kama nitapendwa tena. Mwanamke amenikasirikia, amehama nyumba, na bado usiku hakosi kuangalia kama makoti yangu yana dau.

Halafu nikakumbuka, na machozi yakakauka yenyewe.

Gongesha wana sheria moja ambayo haina onyo. Jamaa wa muuzaji haruhusiwi kuweka dau kwenye duka lake. Wanaita kupandisha bei kwa hila. Wakikugundua, unafutwa moja kwa moja, na simu yako haipokelewi tena hata na Doreen. Lusungu akiwapigia kufuta malalamiko, watamuuliza ni nani. Wakijua ni mke wangu, wataangalia madau yake yote.

"Lusungu, usiwapigie wale watu."

"Nimeshawapigia. Wamesema watanirudia."

Na simu yake ikalia.

Simu ya Lusungu ilikufa spika ya sikioni zamani. Ukitaka kusikia lazima uweke sauti ya nje, na sauti ya Doreen ikajaa baraza zima, ikashinda mvua.

"Habari za mchana, mama. Naongea na mteja Baridi Kali?"

"Ndiyo."

"Jina lako kamili tafadhali. Simu hii inarekodiwa."

"Lusungu Rubeni."

Mzee Rubeni aliposikia jina lake likitajwa aligeuka, kikombe chini.

"Mama Lusungu, umeomba kufuta malalamiko dhidi ya duka la Isa... Isakwisa Makoti. Kuna mtu amekulazimisha?"

"Hapana."

"Unaridhia muuzaji huyu aendelee kukutumia habari za bidhaa zake?"

Lusungu akanitazama kwa mara ya kwanza tangu nifike.

"Ndiyo," alisema.

Hiyo ndiyo ndiyo niliyokuwa naitafuta wilaya nzima, na ilikuwa imetoka kwake. Nilifumba macho nikashukuru. Mapema mno.

"Vizuri mama. Swali la mwisho, ni la utaratibu tu. Je, una uhusiano wowote na muuzaji huyu? Ndugu, mchumba, mke wake?"

Lusungu alikuwa ananitazama mimi.

Wasomaji, nimewasimulia mengi ya kunidhalilisha na nimeyasimulia kwa kucheka cheka, kwa sababu mengi nilifanyiwa. Hili nililifanya mwenyewe. Nilikuwa na nafasi ya kukaa kimya nimwachie ajibu anavyotaka. Nilikuwa na nafasi ya kusema kwa sauti, mimi ni mume wake, dada Doreen, futa duka lako, nenda nalo. Doreen angesikia, na Mzee Rubeni angesikia.

Nilitikisa kichwa. Pole pole, kulia na kushoto, ili aelewe vizuri.

"Mama Lusungu, upo?"

"Nipo," alisema. "Hapana. Hatuna uhusiano."

"Hamfahamiani kabisa?"

"Namjua kwa makoti tu."

"Asante sana mama. Nimefungua duka lake sasa hivi. Uwe na siku njema."

Simu ikakatika. Ikabaki mvua. Mfukoni mwangu simu ikatetemeka, na mikono yangu, laana iwe juu yake, ikaenda kuitoa hata kabla sijawaza. Ulikuwa ujumbe wa Gongesha: duka limefunguliwa, orodha ya zamani imefutwa yote kwa kukosa ridhaa. Chini yake waliandika wateja walioridhia: mmoja.

Mmoja. Duka lote lile, makoti yale yote kwenye chumba cha kupanga, na mtu pekee ninayeruhusiwa kumwita mteja wangu alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele yangu.

"Yule dada ameuliza nini?" Mzee Rubeni alisema.

"Ni mambo ya simu, tata," nilimjibu mimi.

"Sijakuuliza wewe. Na sijafa masikio. Ameuliza kama huyu ni mume wako, Lusungu. Ukasema humjui."

"Baba..."

"Na wewe, gwe Isakwisa. Mbele yangu! Nimekiona kichwa chako kinavyokwenda."

"Tata, nisamehe, nikueleze. Ile ilikuwa kwa ajili ya kazi. Uliniambia ukiiona kazi yangu..."

"Kasi nimeiona leo," alisema. Hakupandisha sauti, na ningependa angepandisha. "Ndiyo hii. Kumkana mke barazani kwa baba yake, akiwa amekuletea chai."

Akainuka, akavuta buti zake za mpira kutoka chini ya benchi, akazivaa moja baada ya nyingine. Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Mkwe akisimama hujui uweke wapi mikono.

"Ng'ombe wa mahari uliowaleta wapo wote," alisema. "Hakupungua hata mmoja. Nitakuonesha."

"Tata, sikuja kuchukua ng'ombe!"

Lakini alikuwa ameshaingia kwenye mvua, anaelekea bandani, hakuchukua hata mwavuli. Nilimgeukia Lusungu. Alikuwa bado ameishika ile simu kwa mikono miwili.

"Mwambie," nilisema. "Mkimbilie umwambie ilikuwa ya kwenye simu tu. Atakusikiliza wewe."

"Nimwambie nini?"

"Kwamba tulidanganya. Kwamba tulikuwa tunaokoa duka."

Alimtazama baba yake akipotea kwenye mvua.

"Yule dada alipouliza," alisema, "nilikuwa nakutazama nikiomba useme, afadhali tukose duka."

"Lusungu..."

"Ungesema tu, Isakwisa. Ningechukua nguo zangu tukaondoka na Meshaki sasa hivi, watatu kwenye pikipiki, na mvua hii."

Akainuka, akachukua kikombe changu ambacho sikuwa nimekigusa, akamwaga chai kwenye majani ya nje. Akaingia ndani. Sikusikia mlango ukifungwa, na mpaka leo sijui kama aliuacha wazi makusudi au mikono yake ilikuwa imejaa.

Nilikuwa nimeshaweka mguu mmoja kwenye kizingiti ndipo sauti ya Mzee Rubeni ikatoka bandani.

"Gwe Isakwisa! Kamba iko hapo ukutani. Njoo nayo."